Niambie Njia ya Kwenu

Mjukuu wangu Chebet ni nesi huko Naivasha, katika kliniki iliyo upande wa Kihoto, na juzi alinipeleka kuona mashine yao mpya. Ni kisanduku cheupe kinachoshika bomba la sindano na kulisukuma chenyewe, polepole, kwa dakika zile ulizokiandikia. Kikikwama kinalia kama kifaranga. Nilikitazama, nikakizunguka, nikakigusagusa mpaka Chebet akaona aibu mbele ya wenzake.

"Na mgonjwa akibadilika, kinajuaje?" nikamuuliza.

"Kogo, akibadilika mimi niko hapa."

Jibu zuri kumpa kogo, yaani bibi yako. Lakini alilitoa akiwa ameangalia kisanduku, na mama aliyekuwa kitandani alikuwa ameangalia dari. Nilirudi nyumbani na maneno yamenijaa tumboni, na kwa kuwa siku hizi sina wa kumfokea isipokuwa kuku, nimeamua kuwaandikia nyinyi nyote mnaovaa viatu vya plastiki vyenye matundu na kujiita manesi. Nawapenda, msidhani siwapendi. Mkichoka kusoma pumzikeni, mimi siendi popote.

Nilianza kazi Nakuru miaka ya hamsini, katika hospitali moja ndogo ya wodi za mabati. Nilikuwa msichana kutoka upande wa Ravine, Dorka jina langu, mwenye Kizungu cha kuombea maji na miguu mirefu iliyonifanya niwe mwepesi wa kutumwa. Nyinyi mkihitaji bomba la sindano mnapasua karatasi, mnatumia, mnatupa. Sisi bomba lilikuwa la kioo, na kila bomba lilikuwa na mchi wake wa kusukumia, vyote viwili vimeandikwa namba ile ile. Namba saba kwa namba saba. Wiki yangu ya kwanza nilichemsha mabomba kumi na mawili na michi yake ndani ya sufuria moja, nikayaunganisha nilivyoona inafaa, nikajisifu kwa haraka yangu. Asubuhi hiyo kila aliyedungwa alirudishiwa nusu ya dawa mkononi, maana mchi wa namba tatu ndani ya bomba namba tisa unavuja kama paa la nyumba ya bibi. Nililishwa namba hizo siku nzima mpaka nikaziota.

Sindano zenyewe tulizinoa. Ndiyo, kwa jiwe, kwa tone la mafuta, kisha unaipitisha ncha kwenye pamba. Ikibeba hata uzi mmoja wa pamba, irudishe kwenye jiwe, kwa sababu huo uzi ungekuwa nyama ya mtu. Na maji ya kuchemshia hayakuwa ya mfereji. Maji ya Nakuru mnayajua, angalieni meno yetu yalivyo ya kahawia. Yalikuwa yakiacha ukungu mweupe ndani ya kioo, mchi ukawa unakwaruza, na mchi unaokwaruza hausukumi kwa utulivu. Tulikinga maji ya mvua kutoka kwenye paa. Kiangazi kikikaza, upepo ulizoa vumbi la magadi kwenye ziwa lililokauka ukalimwaga mjini, jeupe, kali machoni, na sisi tulikimbia kufunika trei kwa vitambaa vilivyoloweshwa. Mimi nikisikia mabati yakianza kulia kwa upepo, hadi leo, mkono unatafuta kitambaa.

Aliyenifundisha haya yote ni Mzee Hezron, dresa mkuu wetu, yaani msaidizi wa daktari wa kufunga vidonda na kudunga. Alikuwa Mmaragoli mfupi mwenye masharubu ambayo aliyachana kwa kitana kabla ya kila raundi, na ukimkuta anachana ulitakiwa kungoja. Daktari alikuwa mmoja kwa wodi nne. Kwa hiyo kwenye karatasi sindano ya mshipa ilikuwa kazi ya daktari, lakini vitandani ilikuwa kazi ya Mzee Hezron, na Mzee Hezron hakuwa mtu wa kuigawa ovyo. Nilimshikia trei mwaka mzima kabla hajaniruhusu kufunga mpira mkononi mwa mgonjwa.

Penisilini ilikuja kwenye vichupa vya unga wenye kizibo cha mpira. Unapangusa kizibo kwa spiriti. Unavuta maji, unayaingiza yakiteremka kwenye ukuta wa chupa, si kuupiga unga kichwani. Halafu hutikisi. "Wee msichana, hiyo si maziwa ya kusukwa," Mzee Hezron alikuwa akinikemea, "hiyo ukitikisa inafanya povu, na povu ni hewa, na hewa hatudungi mtu." Unaiviringisha kati ya viganja viwili, taratibu, mpaka unga wote uishe. Kisha unaipeleka dirishani. Siku zile kulikuwa na penisilini ya aina mbili, moja inayeyuka ikawa angavu kama maji ya chemchemi, nyingine inabaki nyeupe. Ile nyeupe ikiingia mshipani ni hatari kubwa, haina mjadala. Mzee Hezron aliishika kila chupa mbele ya mwanga na kunifanya niseme kwa sauti, wodi nzima ikisikia: "Nikiona dirisha, ni ya mshipa. Nikiona maziwa, ni ya tako." Wagonjwa walikuwa wakivunjika mbavu. Wengine walisema pamoja nami.

Sasa tufike penyewe. Dawa ya mshipa haitaki haraka. Ukiisukuma kwa pupa mkono wa mgonjwa unawaka moto, moyo unashtuka, na kuna wanaokufa ukiwa bado umeshika bomba. Dakika tano, daktari alisema, zisipungue. Lakini saa tulikuwa nayo moja, ukutani, mwisho kabisa wa wodi, na kutoka kitanda cha kumi huioni hata ungekuwa na shingo ya twiga. Ndipo Mzee Hezron alinipa saa yake. Hakuivaa. Ilikuwa swali.

Alikuwa akifunga mpira, anatafuta mshipa kwa kidole na si kwa macho, anaingiza sindano, anavuta kidogo aone damu, anafungua mpira kwanza (nimesema kwanza, mimi niliwahi kusahau na mshipa ulivimba kama mjusi aliyemeza panzi), halafu kabla dole gumba halijasogea anasema: "Haya mama, niambie njia ya kwenu. Umeshuka stesheni yenu. Unaenda wapi?"

Na mgonjwa anaeleza. Kutoka stesheni, pale dukani, kuvuka mto, kwa mwalimu, kupanda kilima, mpaka mlangoni. Mzee Hezron anasukuma kidogo kwa kila kona. Dawa na mgonjwa wanafika nyumbani pamoja. Nilipomuuliza kwa nini asihesabu tu kichwani, alinitazama kwa huruma.

"Ukihesabu, unasikia nani? Wewe mwenyewe," alisema. "Mimi nataka kusikia yeye. Ulimi ikianza kuwa mzito, sauti ikikatika, pumzi ikibadilika, unajua kabla ya macho yako kujua. Akinyamaza tu, acha kusukuma. Hapo hapo. Usiulize mara mbili."

Hiyo ndiyo ilikuwa sheria, na niliishika kama watu wanavyoshika amri za kanisani.

Nilipenda kazi hii kwa sababu ya hizo njia, wacha niseme wazi. Ningeweza kuchora ramani ya bonde lote kutoka vitandani. Kulikuwa na mtu wa reli, mpakia makaa, ambaye hakuweza kufika kwao bila kutaja kila stesheni kutoka Nakuru hadi Kisumu, na katika kila stesheni alipiga honi kwa mdomo. Tulimaliza dawa akiwa bado hajafika Lumbwa, akakataa kuachwa njiani, ikabidi nisimame na pamba mkononi mpaka ashuke. Kulikuwa na mlevi mmoja aliyepotea katikati ya njia yake mwenyewe akaanza kulia. Na mzee wa Kimaasai, alipoulizwa njia ya kwao, alifikiri sana, akajibu, "Ng'ombe wamehama. Nikitoka hapa nitauliza." Mzee Hezron alicheka mpaka ikabidi anipe mimi bomba nilishike. Mzee yule alipewa kueleza rangi za ng'ombe wake mmoja mmoja, na dakika tano hazikumtosha.

Basi mwaka ule niliporuhusiwa kudunga mwenyewe nilivimba kichwa. Nilitembea wodini kama mke wa chifu. Ilikuwa wiki hiyo hiyo aliyoletwa Nyambura.

Aliletwa kwa gari moshi kutoka Longonot, siku ya nne baada ya kujifungua, anawaka homa ya uzazi, na mtoto wa kike amefungwa kifuani pake kwa kanga. Alikuwa mfanyakazi kwenye shamba la mzungu mmoja huko, mama wa miaka ishirini na kitu, mwembamba, macho yameingia ndani. Maziwa yalikuwa yameanza kukauka. Daktari aliandika penisilini ya mshipa kila saa sita, akaenda wodi nyingine. Mzee Hezron alikuwa na mtu aliyevunjika mguu. Akaniambia, "Dorka, huyu wako."

Mshipa wake niliupata mara ya kwanza, na nikafurahi. Damu ikaonekana. Nikafungua mpira. Nikasema kwa ile sauti niliyoikopa kwa Mzee Hezron, "Haya mama, niambie njia ya kwenu. Umeshuka Longonot. Unaenda wapi?"

Alikuwa akiniambia habari za mtoto mpaka hapo. Akanyamaza. Akageuza uso ukutani. Jasho likamtoka kwenye mdomo wa juu, na mkono niliokuwa nimeushika ukakaza kama kamba.

Akinyamaza, acha kusukuma. Nilikuwa nimesukuma kama nusu. Niliacha hapo hapo, nikatoa sindano. Niliketi kando yake, nikamwangalia. Pumzi ilikuwa sawa. Baada ya muda akageuka akaniomba maji, akayanywa vizuri tu. Ilitakiwa nimwite Mzee Hezron. Lakini ilikuwa sindano yangu ya tatu au ya nne tangu niruhusiwe, na niliona vile atakavyonitazama kwa huruma tena. Nikamwaga dawa iliyobaki kwenye beseni. Kwenye chati nikaandika kwamba amepewa yote.

Mara ya pili mambo yakawa yale yale. Alinisalimu, alinionyesha mtoto, sindano ikaingia, nikauliza njia, akafunga mdomo na mkono ukakaza. Nikaacha. Nikamwaga. Nikaandika. Na mara ya tatu. Sasa nilikuwa tayari nimedanganya mara mbili, na nyinyi mnajua au mtajua kwamba uongo wa tatu haukupi hata shida.

Asubuhi ya pili homa ilikuwa juu kuliko alivyokuja nayo. Mtoto alikuwa akinyonya, anaachia, analia kile kilio kidogo kisicho na nguvu. Daktari alisimama mwisho wa kitanda, akasoma chati yangu nzuri yenye mwandiko wa shule, akamwambia Mzee Hezron kwamba penisilini haimsaidii huyu mama. Akasema hana dawa nyingine ya maana ya kumpa. Mwacheni apumzike, akasema, na mtafuteni mtu wa kumchukua mtoto.

Nilikuwa nimesimama pale na trei. Nataka mlielewe jambo hili, kwa sababu ndilo lililonifanya niandike. Daktari hakukosea. Aliihukumu dawa kwa kile nilichokiandika mimi. Yule mama alikuwa anaachwa afe kwa sababu ya mwandiko wangu.

Niliweka trei chini, nikamfuata Mzee Hezron kwenye chumba cha kuoshea vyombo, nikamwambia. Sikumwambia vizuri. Nililia, nikachanganya Kiswahili na lugha ya kwetu, ikabidi aniambie nianze upya. Nilingoja anipige kofi. Aliuliza jambo moja tu.

"Kabla hajanyamaza, ulimwambia nini?"

"Nilimuuliza njia ya kwao. Kama ulivyonifundisha."

Mzee Hezron aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Akashika kichwa kwa mikono miwili.

"Mungu wangu," akasema. "Mama Mkikuyu. Wakati huu wa Imajensi."

Mimi nilikuwa bado sijaelewa. Nilikuwa msichana wa Ravine, kwetu hakuna aliyekuja kubisha. Alinieleza huku akiangalia sakafu. Huko mashambani kwao serikali ilikuwa ikiwasaka wapiganaji wa msituni, na askari na watu wa kukagua walikuwa wakiwauliza hawa watu hilo hilo kila siku: kwako ni wapi, unapitia wapi, nani anakaa jirani, nani alilala hapo. Wengine walichukuliwa baada ya jirani kujibu. Na mimi nilimwuliza nikiwa nimevaa nguo ya serikali, nimemshika mkono, nikiwa na sindano ndani yake.

"Si dawa ilimdhuru," Mzee Hezron akasema. "Alikuwa anakuogopa wewe. Na kosa ni yangu pia. Lakini hiyo kalamu ilikuwa yako. Twende kwa daktari, utasema mwenyewe."

Nilisema mwenyewe. Daktari alinisikiliza bila kuketi. Aliuliza saa za zile sindano tatu, nikazitaja, na akakata mstari juu ya mwandiko wangu mara tatu, polepole, kalamu ikikwaruza. Akaandika kipimo kikubwa, kianze sasa. Akasema baada ya hapo nitarudi kuchemsha mabomba mpaka aseme vingine. Akataka Mzee Hezron adunge.

"Huyu msichana ndiye aliingiza woga," Mzee Hezron akamjibu. "Mimi nikienda na masharubu yangu, ataongeza. Wacha atoe yeye, mimi nisimame nyuma."

Sijui alipata wapi ujasiri wa kumjibu daktari wa kizungu hivyo. Daktari alikubali, nafikiri kwa uchovu.

Tulichanganya dawa pamoja. Niliiviringisha viganjani mpaka unga wote ukaisha. Dirishani nikasema ile sala yetu ya maziwa na tako bila mtu kucheka. Mishipa ya Nyambura sasa ilikuwa imejificha. Nilimfunika mkono kwa kitambaa cha maji moto, nikangoja, nikaupata mmoja mwembamba karibu na kifundo cha mkono. Damu. Mpira nikafungua. Akanitazama, na nikaona anajua swali linalokuja, ameshauma meno tayari.

Sikuwa nimepanga la kusema. Nikasema, "Mama, mimi kwetu ni Ravine. Ukishuka lori pale njia panda, kuna duka ya Mhindi. Usiingie, bei yake ni mbaya."

Hakusema kitu. Sikusukuma.

"Unafuata ile barabara ya ng'ombe mpaka mto. Kuna mawe ya kuvukia, lakini la tatu linacheza. Sasa mimi, na hii miguu, niruke jiwe la tatu ama nikanyage?"

Mtoto akapiga chafya. Nyuma yangu nilisikia Mzee Hezron akipumua kwa pua.

"Ruka," Nyambura akasema.

Nikasukuma kidogo.

"Nimeruka. Sasa kuna miti mbili mikubwa na mizinga ya nyuki ya kogo yangu, saba. Njia moja inapita chini ya mizinga, ni fupi. Ingine inazunguka. Nipite wapi?"

"Nyuki ni kali?"

"Ni kali kama kogo mwenyewe."

"Basi zunguka," akasema. "Unataka nini na nyuki? Wewe huna akili?"

Hivyo ndivyo tulivyokwenda. Kila kona nilimwuliza, na kila kona alinijibu, na mimi nilisikiliza ulimi wake, pumzi yake, na kusukuma. Alinizuia kuvuka uwanja wa fahali wa jirani. Alinigombeza kwa kutomsalimu shangazi. Bomba lilikuwa tupu kabla sijabisha kwetu, na nikaendelea kutembea mpaka mlangoni kwa sababu sikuweza kuacha, nikilia, na Nyambura akimuuliza Mzee Hezron, "Huyu nesi analia nini? Si amefika?"

Kila saa sita nilikwenda Ravine. Siku ya pili homa ilianza kushuka, siku ya tatu maziwa yalirudi, na mtoto alilia kama mtoto. Msifikiri alimwita Dorka. Alimwita Wairimu, jina la mama wa mumewe, kama inavyotakiwa kwao, na ningemshangaa angefanya vingine.

Siku ya sindano ya mwisho nilianza, "Ukishuka lori pale njia panda..." akanikata.

"Hiyo nimechoka nayo. Leo sukuma, mimi nitasema."

Akaniambia njia ya kwake. Kutoka stesheni ya Longonot unaacha reli mgongoni na kuuweka mlima mkono wa kushoto. Kuna mti wa miiba uliopasuliwa na radi. Kuna lango la waya. Kuna jiwe jeusi lililokaa kama kuku aliyelalia mayai. Unafika kwenye tangi la maji la ng'ombe, hapo unakata kushoto, unashuka korongo, na nyumba ni ya mwisho. Alisema kwa sauti ya chini, macho yake usoni kwangu, na mimi nilijua ninapewa kitu. Sikukiandika popote. Nilikiweka kichwani, pamoja na namba saba kwa namba saba.

Baadaye tulisikia watu wa shamba lake wamepakiwa kwenye magari wakarudishwa kule kulikoitwa kwao. Sikupata habari zake tena. Mimi nilichemsha mabomba miezi mitatu. Mzee Hezron hakuniambia tena neno juu ya chati ile, ila tangu siku hiyo, kabla ya kumwuliza mgonjwa njia, alimwuliza kwanza kama angependa kuulizwa. Alikuwa amezeeka kidogo, nilimpenda sana, na sikuwahi kumwambia. Waambieni walimu wenu wakiwa hai.

Miaka ikapita, bendera ikabadilika, nami nikahamishiwa Naivasha. Siku moja tulikwenda Longonot kuchanja watoto, kazi ikaisha mapema, na gari lilikuwa likingoja mafuta. Nikaiacha reli mgongoni. Mlima nikauweka mkono wa kushoto. Mti wa miiba ulikuwepo, umepasuka vile vile. Lango la waya lilikuwa limeondolewa, kwa maana shamba lilikuwa limenunuliwa na kampuni ya wananchi na kukatwa vipande. Jiwe lilikuwa bado limelalia mayai yake. Nikafika kwenye tangi, nikakata kushoto, nikashuka korongo.

Hapakuwa na nyumba. Palikuwa na vumbi, mawe na kinyesi cha pundamilia. Nilitembea huku na huku nikitafuta hata alama ya ukuta uliobomolewa, nikajiambia kwamba waliichoma, kwamba nimefika nimechelewa. Nikapanda tena juu mpaka tangini. Hapo nikamkuta mama na mzigo wa kuni, nikamuuliza kama aliwahi kumjua Nyambura.

"Nyambura mama Wairimu? Si uende kulia hapo," akasema. "Moshi ile."

Nyambura alikuwa nje, anachambua maharagwe kwenye ungo, amenenepa. Alinitazama usoni bila kunijua. Kisha akatazama miguu.

"Wewe ni yule wa mizinga saba," akasema, akasimama, na maharagwe yote yakamwagika.

Sitawaeleza salamu zetu, hazikuwa na adabu. Alipomaliza kunifuta vumbi kwa kanga yake aliuliza nimepataje vumbi kiasi hicho na nyumba iko karibu tu na tangi. Nikamwambia nilishuka korongo, kushoto kwa tangi, kama alivyoniambia.

Alifunika mdomo. Mabega yakaanza kumtikisika, akaketi chini palepale juu ya maharagwe, akacheka mpaka machozi.

"Hapo nilikudanganya," akasema. "Baba Wairimu alikuwa anajificha kwa hii nyumba. Kila mtu alitaka njia ya kwangu. Wewe nilikupenda, Dorka. Nilikupa yote ya kweli mpaka tangi. Hapo nikashindwa."

Mumewe alikuja kushikwa, na hakurudi kutoka kizuizini. Aliniambia hilo baadaye, tukinywa chai, kwa sauti ya kawaida, na kwamba kampuni ilipogawa shamba alirudi akachukua kipande chenye nyumba ile ile. Jua lilipoanza kuegemea mlima nilisema gari litaniacha. Alinisindikiza mpaka tangini, Wairimu akitangulia na daftari za shule chini ya kwapa. Nyambura akanishika kwa mkono ule ule niliokuwa nikiudunga.

"Sasa sikiliza, usipotee tena," akasema. "Umeshuka stesheni. Unaacha reli nyuma."

Akaanza upya, kona kwa kona, mti, jiwe, tangi, kulia, mpaka mlangoni pake. Nilisikiliza ulimi wake na pumzi yake, na nilipotazama chini niliona dole gumba langu likisogea, polepole, likisukuma.